Nimeruka na shirika moja miaka kumi na moja, leo naambiwa sijatumia pesa ya kutosha

Begi la Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya viwandani. Mtambo ukigoma mteja anapiga simu ofisini, kesho yake niko angani. Kwa mwaka napanda ndege mara sitini na ushee, karibu zote daraja la kawaida, maana ofisi hailipii zaidi ya hapo. Miaka kumi na moja hii nimekuwa wa shirika moja tu. Nimeacha ndege za moja kwa moja za washindani nikakubali kulala kwenye viti vya uwanja nikisubiri kuunganisha, ili mradi kadi ya dhahabu isishuke. Kuna siku mke wangu aliniuliza yeye ni mke wa ngapi baada ya lile shirika.

Mwanzoni mwa mwaka ikaja barua pepe: tumeuboresha mpango wako wa uaminifu. Mtu akikuboreshea kitu ambacho hukukilalamikia, shika mfuko. Nikasoma mpaka chini. Hadhi, yaani ngazi ya kadi yako, haihesabiwi tena kwa maili wala idadi ya safari, inahesabiwa kwa nauli iliyolipwa, kodi zikishatolewa. Nikachukua safari zangu zote za mwaka jana nikazipiga kwa kipimo kipya. Sikufika hata nusu.

Bosi wangu anasafiri mara nne au tano kwa mwaka, daraja la biashara, tiketi inanunuliwa siku mbili kabla. Yeye kapanda dhahabu bila hata kujua kwamba ana kadi. Namba ya uanachama alijaziwa na katibu wake.

Sibishani kwamba wana haki ya kubadili. Masharti yanasema hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi nilibonyeza "nakubali" kama kila mtu. Ninachouliza ni hiki: mtu anayelipiwa na kampuni, anayeruka sana kwa nauli ndogo, abaki na shirika moja kwa faida gani tena?

Kiti 31E

Karibu kundi la mwisho kupanda ndege, kiongozi. Huku nyuma tunaishi vizuri tu, ila choo kiko jirani.

Mpiga Hesabu

Mleta uzi, hujaonewa peke yako. Umefikiwa na wimbi lililoanza zamani.

Kule Marekani shirika la American walianzisha mpango wao wa maili, AAdvantage, Mei 1981, wenzao United wakaja na mpango wao siku chache baadaye. Kupima kwa umbali kulikuwa na mantiki wakati ule, kwa sababu ndege ziliruka na viti vingi vitupu. Kiti kikishapaa kitupu hakiuziki tena, kwa hiyo kukupa bure hakukumgharimu mtu chochote zaidi ya chakula na mafuta kidogo. Siku hizi ndege zinajaa. Kile kiti cha zawadi kina mnunuzi anayesubiri, na kompyuta inajua yuko tayari kulipa kiasi gani.

Ndiyo maana maili za zawadi, zile za kubadilisha na tiketi ya bure, zilianza kufuata nauli. Delta, nao wa Marekani, walihamia Januari 2015, United Machi mwaka huohuo, American Agosti 2016. Chukua safari ya maili 8,000 kwenda na kurudi kwa nauli ya dola 600. Zamani pale United mwanachama wa kawaida alipata maili 8,000, na wa ngazi ya juu akaongezewa asilimia 100, yaani 16,000. Kipimo cha 2015 kilikuwa maili 5 kwa kila dola kwa mtu wa kawaida na 11 kwa wa juu. Piga: 3,000 na 6,600. Safari ni ileile, mgongo unaouma ni uleule.

Hizo ni maili za zawadi. Hadhi yenyewe ilichelewa kidogo kuguswa, ila nayo imefikiwa. Delta kuanzia 2024 wanaangalia fedha tu. British Airways walitangaza tarehe 30 Desemba 2024, watu wakiwa likizoni, kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 pointi za hadhi zitafuata matumizi. Dhahabu yao ilikuwa pointi 1,500, na safari moja ndefu ya daraja la biashara kwenda na kurudi ilikuwa na pointi 280 hivi. Safari sita zilikufikisha, hata kama tiketi uliipata kwa bei ya kutupa. Sasa ni pointi 20,000, pauni moja pointi moja.

Kwa maneno mengine wewe hukushushwa. Ulikuwa umekosewa kwenye hesabu kwa miaka kumi na moja, wakachelewa kukutambua.

Begi la Mkononi

Mpiga Hesabu, hiyo sentensi ya mwisho inauma kuliko barua pepe yenyewe.

Mama Risiti

Mimi niko upande wa pili wa meza. Nasimamia safari za kikazi kwenye kampuni yenye wasafiri wengi kama wewe, na nina la kusema ambalo pengine halitakufurahisha.

Ile dhahabu yako nani aliilipia? Umesema mwenyewe kwamba uliacha ndege za moja kwa moja ukakubali kuunganisha. Hiyo ni nusu siku ya kazi imepotea, na mara nyingine usiku mmoja wa hoteli. Mimi kila mwezi naona tiketi za namna hiyo. Kuna ndege ya moja kwa moja, bei nafuu, muda mzuri, mtu anachagua ya kuzunguka na ghali zaidi. Ukimuuliza anakwambia ile nyingine ina muda mbaya. Saa nne asubuhi ni muda mbaya!

Mpango mzima wa maili ulisimama juu ya mtu anayechagua tiketi asiyoilipia. Shirika linampa zawadi yule anayechagua, bili inakuja kwangu. Marekani waliliona hili mapema, watumishi wa serikali kuu hawakuruhusiwa kubaki na maili za safari za kikazi kwa matumizi yao binafsi hadi sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2001. Makampuni binafsi mengi yaliamua kufumba macho, kwa hoja kwamba anayelala nje ya nyumba yake siku mia kwa mwaka anastahili kifuta jasho.

Sasa kifuta jasho kimepungua, na nitakwambia ukweli: ofisini kwetu ubishi wa tiketi umepungua pia. Watu wameanza kuchagua ndege inayowafikisha.

Begi la Mkononi

Mama Risiti, shikamoo kwanza. Umenishika pabaya na sitajitetea kwenye zile tiketi za kuzunguka. Baadhi yake zilikuwa ujinga mtupu.

Lakini naomba nikueleze hadhi ilikuwa inanisaidia nini, maana watu wakisikia kadi ya dhahabu wanawaza supu na kochi la ukumbi wa mapumziko. Supu sina haja nayo.

Miaka miwili iliyopita ndege yangu ya mwisho usiku ilifutwa kwa hali ya hewa. Foleni ya kaunta ilikuwa ndefu kuliko jengo. Mimi nilipiga ile simu ya wanachama wa dhahabu, akapokea binadamu mlio wa tatu, dakika saba nikawa na kiti kwenye ndege ya alfajiri ya shirika jingine la muungano wao, yaani mashirika yanayotambua kadi za wenzao. Saa nne asubuhi nilikuwa kwa mteja na bisibisi mkononi. Mtambo ule ukisimama siku moja, hasara yake inazidi tiketi zangu za mwaka mzima.

Mwaka huu imetokea tena, uwanja uleule, shirika lilelile. Sina kadi. Nikasimama foleni saa mbili na nusu. Programu ya simu inanipangia ndege ya siku mbili mbele, kila nikibonyeza "nahitaji msaada" inanirudisha mwanzo kama mchezo wa watoto. Nilipofika kaunta yule dada, mpole kabisa, akaniambia viti vya kesho vimeisha. Pembeni yangu bwana mmoja mwenye kadi akahudumiwa na kuondoka ndani ya dakika kumi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nanunua nini kwa uaminifu wangu. Nilikuwa nanunua nafasi kwenye foleni siku mambo yakiharibika. Na siku hiyo aliyeumia ni mteja wa kampuni, siyo mimi na supu yangu.

Mama Risiti

Marahaba. Hiyo hoja naikubali, na ni gharama ambayo kwenye jedwali langu haionekani. Narudi baadaye na jibu la maana, nina kikao.

Daraja la Mbele

Naomba niwe mchawi wa uzi huu. Mimi ni mmoja wa wale "bosi wangu" wa mleta uzi. Nasafiri mara chache, tiketi ghali. Kabla ya mabadiliko nilikuwa silipwi fadhila yoyote. Nanunua tiketi ya bei ya gari bovu, halafu naambiwa nisubiri nyuma ya mtu aliyezungushwa viwanja vinne kwa tiketi ya punguzo ili akusanye pointi Desemba. Kumbi za mapumziko zilikuwa zimejaa mpaka watu wanakaa chini ukutani. Ikiwa kila mtu ni wa kipaumbele, basi hakuna wa kipaumbele.

Biashara gani nyingine inamheshimu zaidi mteja anayeleta faida ndogo? Tuache hisia.

Kiti 31E

Mkuu, kwa bei hiyo si tayari unapewa kiti kinacholala, ukumbi, foleni yako na kinywaji kabla ndege haijaondoka? Unataka na kadi yetu pia?

Daraja la Mbele

Haha. Hapo sina jibu.

Wakili wa Geti

Kuna aliyegusa masharti hapo juu, nami nataka muelewe yana meno kiasi gani.

Marekani kulikuwa na rabi mmoja, Ginsberg, mwanachama wa ngazi ya juu wa shirika la ndege la Northwest. Mwaka 2008 shirika lilimfuta uanachama kwa maelezo kwamba analalamika kupita kiasi. Walimhesabia malalamiko 24 ndani ya miezi saba na kitu, 9 kati yake ni mizigo kuchelewa kufika kwenye mkanda. Akashtaki, akisema walikiuka wajibu wa kutendeana kwa nia njema. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Aprili 2014, majaji wote tisa upande wa shirika. Sababu: sheria ya 1978 iliyoondoa udhibiti wa nauli inazuia madai ya aina ile dhidi ya mashirika ya ndege kuhusu bei na huduma, na maili ni sehemu ya bei na huduma.

Mlango mmoja uliobaki ni wa 1995, kesi ya Wolens dhidi ya American, ambako mahakama hiyohiyo ilisema unaweza kudai kama wamevunja ahadi waliyoiandika wenyewe kwenye mkataba. Tatizo ni kwamba mkataba wenyewe unaandika kuwa wanaweza kubadili. Unashikilia mkia wa nyoka ambaye kichwa chake wanakishika wao.

Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyataka mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, yatoe taarifa za namna wanavyoendesha mipango hii na kushusha thamani ya pointi. Angalau mtu aliuliza.

Dirisha la Kushoto

Kwa hiyo kulalamika sana kunakufuta? Ngoja nifute barua pepe zangu.

Mpiga Hesabu

Wakili kaweka vizuri. Ila kuna mahali ambapo mashirika yanaogopa, na si mahakamani.

Septemba 2023 Delta walitangaza vigezo vipya. Ngazi ya juu kabisa, Diamond, ambayo mwaka huo ilidai matumizi ya dola 20,000, ikapandishwa hadi 35,000 kwa ajili ya hadhi ya 2025. Kelele zilizofuata zilikuwa za aina yake, washindani wakaanza kuwaita wanachama wa Delta wahamie kwao na hadhi zao. Haikupita hata wiki mbili, mkuu wa shirika, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba walikwenda mbali mno. Oktoba wakashusha Diamond hadi 28,000. Angalieni ujanja: bado ni 8,000 zaidi ya ilikokuwa, lakini watu walipumua kana kwamba wamepewa zawadi.

Na kwa nini wanasikia kelele? Kwa sababu pointi siku hizi ni biashara yenyewe. Benki zinanunua maili kwa jumla na kuzigawa kwa wenye kadi za mkopo. Delta peke yake ilipata karibu dola bilioni 7 kutoka kampuni ya kadi za mkopo ya American Express mwaka 2023. Wakati wa korona, ndege zikiwa zimeegeshwa, walichoweka rehani ni orodha yetu sisi: Delta walikopa dola bilioni 9 kwa dhamana ya SkyMiles, mpango wao wa maili, mwaka 2020, American bilioni 10 kwa dhamana ya AAdvantage mwaka 2021.

Ndiyo maana tangu 2022 pale American mtu anaweza kufikia hadhi kwa kununua vitu dukani na kadi yao, asiguse ndege. Mleta uzi, wewe unashindana na bosi wako, na pia na mtu aliyekarabati nyumba kwa kadi ya mkopo.

Begi la Mkononi

Yaani mwenye matofali ananipita foleni?

Mpiga Hesabu

Matofali na vigae.

Abiria wa Mpito

Mie nilifikiri niko salama kwa sababu nilitegemea muungano badala ya shirika. Nilikuwa na kadi ya dhahabu ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, kwa ajili ya safari za muungano wa Star Alliance, karibu nusu ya safari zangu zilikuwa kwa mashirika wenzao. Tarehe 31 Agosti 2024 wakatoka Star Alliance, kesho yake wakaingia muungano mwingine, SkyTeam. Hakuna mtu aliyeniharibia pointi, ziko palepale. Ila milango yote niliyozoea ikafungwa usiku mmoja, ikafunguka mingine kwenye viwanja nisivyopita. Tulitangaziwa mapema, siwezi kusema nilivamiwa. Lakini ratiba ya wateja wangu haihami muungano.

Nimejifunza jambo moja tu: maili nazitumia zikifika kiasi cha safari moja. Kuzilaza ni sawa na kuweka akiba kwenye benki ambayo meneja wake anachapisha noti. Walioweka kwa Air Berlin wanajua, shirika lilipofilisika 2017 pointi zao zikageuka kumbukumbu.

Mama Risiti

Nimerudi, na kikao kilikuwa cha bajeti ya safari, kwa hiyo nina hasira ya kutosha.

Begi la Mkononi, shida yako si hadhi, ni kwamba umekuwa ukijadiliana na shirika peke yako. Wewe na safari sitini si kitu kwao. Kampuni yako yenye watu arobaini kama wewe ni kitu. Nenda kwa anayesimamia safari ofisini umuulize mambo haya. Je, tuna mkataba na shirika lolote? Mikataba ya makampuni mara nyingi huja na punguzo la nauli, na mingine ina kadi kadhaa za hadhi za kugawia wafanyakazi. Sisi tunazo chache. Kwa miaka zilikwenda kwa wakubwa wanaoruka daraja la biashara, ambao hawazihitaji hata kidogo. Baada ya kusoma ile habari yako ya foleni, nimeandika mapendekezo ziende kwa mafundi na watu wa dharura. Sijui kama zitapita, wakubwa wanapenda kadi.

Muulize pia kama sera inaruhusu nauli inayobadilishika kwa safari za dharura. Tiketi ya chini kabisa siku hizi mara nyingi haina mabadiliko, na kwa baadhi ya mashirika haina hata maili. Delta waliondoa maili kwenye tiketi zao za chini kabisa tangu mwisho wa 2021. Ukiwa na tiketi ya namna hiyo na huna hadhi, siku ya vurugu wewe ni mtu wa mwisho. Na wakala wa safari awe na simu ya usiku. Anaweza kukupangia ndege nyingine wakati wewe bado unatafuta mwisho wa foleni.

Kiti 31E

Mama Risiti mnaajiri?

Daraja la Mbele

Nyongeza yangu, kwa moyo safi: kabla kadi yako ya zamani haijaisha muda, peleka nakala kwa washindani uombe hadhi inayolingana. Wengi wanatoa ya majaribio kwa miezi kadhaa, ukiruka idadi fulani wanakuachia. Ikishaisha muda hawakuangalii.

Begi la Mkononi

Yangu ilikwisha Machi. Nilikaa na hasira miezi mitatu badala ya kujaza fomu.

Dirisha la Kushoto

Mleta uzi, kuna ofa kwenye shirika lako lilelile, pointi za hadhi mara mbili kwa tiketi za kuanzia Novemba. Nimepiga hesabu, safari mbili za kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa pesa yako mwenyewe zinaweza kukurudisha kwenye kadi ya fedha, siyo ya dhahabu. Fedha ina ile simu?

Begi la Mkononi

Fedha haina simu. Ina kuchagua kiti na kilo za ziada za mzigo, na mimi nabeba begi la mkononi.

Wakuu, mrejesho. Nimemfuata anayeshughulikia safari ofisini kwetu, nikamuuliza maswali ya Mama Risiti moja baada ya jingine. Mkataba upo tangu mwaka juzi, na shirika ambalo nimekuwa nikilikwepa kwa miaka kumi na moja. Kadi za kugawa zipo mbili. Moja anayo bosi. Ya pili iko kwenye droo, jina halijaandikwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiulizia.

Wiki ijayo naruka nao mara ya kwanza, moja kwa moja, bila kuunganisha. Ndege inaondoka saa nne asubuhi.

Mama Risiti

Muda mbaya huo.